Daftari la kuchora kando ya riwaya tulivu

Kunja karatasi 8 za A4, moja moja, kisha zipachike moja ndani ya nyingine: utapata kurasa 32. Toboa matundu 3 kwenye mkunjo, la kati na mawili sentimita 3 kutoka kila ncha. Uzi wa sentimita 60 uanzie ndani, utoke tundu la kati, uingie la juu, upite ndani hadi la chini, utoke, urudi la kati. Funga ncha mbili za uzi kwa fundo juu ya uzi mrefu uliopita ndani, la sivyo mshono utalegea.

Kila sura ya riwaya unayosoma, chora kitu kimoja kilichomo: kikombe, dirisha. Nyuso ziache, utahangaikia mfanano usahau hadithi.

Karatasi ya gramu 80 kwa mita ya mraba hujikunja kwa rangi ya maji, na mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, wakati wa mvua haikauki upesi. Ukilifunga daftari mapema, kurasa hugandana.