Namna ya Kutayarisha Samaki wa Maziwa ya Nchi za Baridi Bila Kuambukizwa Tegu

Mtu anayevua au kununua samaki wa maziwa ya Ufini, Uswisi, Kanada au kaskazini mwa Marekani hana sababu ya kuwaogopa samaki hao, lakini ni lazima afahamu kwamba mnofu mweupe usio na harufu wala doa unaweza kuwa na lava hai, yaani mnyoo mchanga, wa tegu wa samaki. Kitaalamu tegu huyu huitwa Dibothriocephalus latus, na vitabu vingi bado vinamtaja kwa jina lake la zamani, Diphyllobothrium latum. Mwongozo huu ni wa mpishi wa nyumbani na mvuvi wa kujifurahisha, hasa wale waliohamia nchi hizo na kukuta desturi ya kula samaki mbichi au waliotiwa chumvi kidogo tu. Hoja yangu kuu ni kwamba macho humsaidia mtu kuchagua samaki, ila kinachomlinda mlaji ni moto wa kutosha au baridi ya kutosha, na kila kimoja kina kipimo chake.

Tegu mpevu huishi katika utumbo mwembamba wa binadamu, mbwa, dubu na wanyama wengine walao samaki. Anaweza kufikia urefu wa mita 10 na zaidi, akiwa na pingili zaidi ya 3,000, na kutoa mayai yanayofikia milioni moja kwa siku. Mayai hayo hutoka pamoja na kinyesi, na yakifika ziwani hukomaa kwa muda wa wiki mbili tatu, kisha huangua viumbe vidogo vyenye vinyweleo ambavyo humezwa na krasteshia (wanyama wa jamii ya kamba na kaa) wadogo sana waitwao kopepodi. Samaki mdogo akila kopepodi, lava hupenya utumbo na kukaa katika misuli au viungo vya ndani. Na samaki mkubwa akimla yule mdogo, lava hafi bali huhamia katika nyama ya mwenyeji wake mpya. Nafasi ya kopepodi katika mzunguko huu ilibainishwa mwaka 1917 na Janicki na Rosen, waliofanya utafiti wao Uswisi. Mpishi anayeelewa mzunguko huu hahitaji kukariri kanuni nyingi, kwa kuwa ataona mwenyewe kwamba samaki mwindaji aliyeishi miaka mingi ndiye anayekusanya lava wengi zaidi.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kumtambua samaki aliye mkononi. Barani Ulaya wabebaji wakuu ni paiki (Esox lucius), pechi (Perca fluviatilis) na baboti (Lota lota), na Amerika Kaskazini huongezeka Sander vitreus, ambaye ni wa jamaa ya pechi. Pechi huyu si sangara wa Ziwa Victoria, ingawa mnofu wake huuzwa na kukaangwa kwa namna inayofanana. Katika maziwa ya Geneva, Maggiore na Como, yaliyoko Uswisi na nchi jirani, ambako watu wengi walidhani ugonjwa huu umekwisha, wagonjwa walianza kuonekana tena katika miongo ya karibuni kwa sababu ya minofu ya pechi iliyoliwa mbichi au bila kuiva vizuri. Samaki wa jamii ya koregoni, ndugu wa samoni na trauti, wanaopendwa sana katika maziwa hayohayo, kwa kawaida hawambebi tegu huyu. Wana tegu wa aina nyingine, nitakaowaeleza hapa chini.

Hatua ya pili ni kumkagua samaki wakati wa kumtumbua. Fanya kazi hii mahali penye mwanga mkali, toa matumbo bila kuyapasua, kisha tazama ini, mayai na ukuta wa nje wa tumbo la chakula. Ukishatoa minofu, inyanyue dhidi ya taa na uikate vipande vyembamba pale inapokuwa minene. Lava wa Dibothriocephalus latus ni mweupe kama maziwa, ana urefu wa milimita chache hadi sentimita mbili hivi, na katika misuli ya pechi au paiki mara nyingi hana kifuko kinachomzunguka, jambo linalomfanya afichike kwa urahisi kati ya nyuzi za nyama. Katika baboti, ini na mayai huhitaji uangalifu wa pekee. Ukimwona lava mmoja, mtoe kwa ncha ya kisu, lakini usidhani kwamba kazi imekwisha, kwa maana wengine watakuwa wamekupita.

Si kila mnyoo unaoonekana ni hatari, na mimi husikitika kuona samaki mzuri akitupwa kwa kutojua. Vifuko vya manjano katika nyama ya koregoni, ambavyo wavuvi wa Kanada huviona mara kwa mara, ni vya Triaenophorus crassus. Tegu huyu hukomaa katika paiki, hamwambukizi binadamu, na hasara yake ni ya soko, kwani samaki mwenye vifuko vingi hushuka bei. Vifuko vidogo vyeupe vilivyobandika kwenye ukuta wa tumbo la koregoni au trauti huenda ni vya Dibothriocephalus dendriticus, ambaye hukomaa katika shakwe na ndege wengine lakini anaweza kumwingia binadamu pia. Huyu hupatikana hata katika samaki omuli wa Ziwa Baikal, nchini Urusi, ambaye wenyeji humla akiwa na chumvi kidogo. Wasomaji wa kandokando ya Ziwa Victoria nao watakuwa wamewahi kukuta utepe mweupe, mrefu kuliko inavyotarajiwa, ndani ya tumbo la dagaa: huyo ni Ligula intestinalis, tegu wa ndege walao samaki.

Hatua ya tatu, iliyo ya uhakika zaidi, ni kupika. Nyama iliyo katikati kabisa ya kipande ifikie nyuzi joto 63 za Selsiasi, na njia bora ya kujua ni kuchomeka kipimajoto cha jikoni katika sehemu nene zaidi, karibu na uti wa mgongo. Asiye na kipimajoto asubiri mpaka nyama iache kung'aa na iachane kwa urahisi inapoguswa kwa uma. Minofu myembamba ya pechi hufikia kiwango hicho haraka kikaangoni, ilhali paiki mzima anayechomwa juu ya makaa kando ya ziwa huungua ngozi mapema na kubaki mbichi mfupani, kwa hiyo apasuliwe kwanza au achomwe kwa moto wa polepole.

Anayetaka kula samaki asiyepikwa hana budi kumgandisha, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Samaki akae katika nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7. Viwanda vyenye mashine za kugandisha kwa nyuzi 35 chini ya sifuri huhitaji saa 15 tu baada ya samaki kuwa mgumu kabisa, lakini friza ya nyumbani haiwezi kufanya hivyo. Friza nyingi hupangwa katika nyuzi 18 chini ya sifuri, na mlango unapofunguliwa mara kwa mara joto hupanda zaidi. Weka kipimajoto ndani, shusha kiwango mpaka kisome nyuzi 20 chini ya sifuri au baridi zaidi, panga minofu ikiwa bapa bila kuirundika, na uanze kuhesabu siku baada ya kipande kuganda hadi katikati. Samaki aliyegandia nje juu ya barafu baada ya uvuvi wa majira ya baridi hahesabiwi kuwa amegandishwa, kwa kuwa joto la nje hubadilika saa kwa saa.

Ndimu, siki na viungo havimuui lava, hata kama nyama imebadilika rangi na kuonekana kama iliyoiva. Chumvi kidogo ya siku moja au mbili haitoshi, na kukausha kwa moshi usio na joto la kuivisha hakutoshi. Onyo hili linahusu kwa namna ya pekee mayai ya paiki na baboti, ambayo Ufini huandaliwa na chumvi na kuliwa kama kitoweo cha heshima wakati wa baridi. Yagandishe kwanza kwa siku 7, kisha uyatie chumvi. Vilevile usionje kamwe kinyunga cha samaki kibichi, yaani donge la samaki aliyesagwa, kupima chumvi. Huko Marekani, akina mama wa Kiyahudi waliotayarisha vinyunga vya samaki wa Maziwa Makuu ya nchi hiyo waliambukizwa hasa kwa kuonja hivyo, wakati familia iliyokula chakula kilichoiva ilisalimika. Kisu na ubao vilivyotumika kwa samaki mbichi vioshwe kwa maji ya moto na sabuni kabla ya kukatia saladi.

Matumbo na mabaki usimpe mbwa yakiwa mabichi, kwani atapata tegu na kurudisha mayai ziwani. Yachemshe, au yafukie mbali na maji. Choo cha kambi ya wavuvi nacho kisielekee ziwani.

Aliyekwisha kula samaki mbichi wa aina hizi asubiri dalili bila hofu, ila asizipuuze. Wengi hawahisi chochote. Baadhi hupata maumivu ya tumbo, kuhara au uchovu, na wengine hushtuka kuona kipande cha utepe mweupe chooni. Kwa kuwa tegu hufyonza vitamini B12, wachache hupungukiwa damu vibaya, hali iliyochunguzwa kwa kina Ufini na daktari Bertel von Bonsdorff. Mayai huanza kuonekana katika kinyesi wiki 5 hadi 6 baada ya maambukizi, hivyo kipimo cha mapema zaidi huweza kutoa jibu lisilo sahihi. Mweleze daktari ni samaki gani uliyemla, alitoka ziwa gani na alitayarishwaje, na kama una kipande kilichotoka, kipeleke katika chupa safi. Tiba ni prazikwanteli, dawa ileile inayotumika Afrika Mashariki kutibu kichocho, ambayo kwa tegu huyu kwa kawaida hutolewa mara moja tu, kwa kiasi ambacho daktari hukipima kulingana na uzito wa mgonjwa.