Spika kwanza au ampu kwanza? Pima hivi kabla hujatoa hela

Mtu akiniuliza nina laki tatu nianze na kipi, spika au ampu (amplifaya, ile mashine inayoipa spika nguvu), jibu langu la haraka ni spika, sababu tofauti ya spika na spika unaisikia hata ukiwa jikoni, ampu mbili nzima za saizi moja mara nyingi hata hutazitofautisha. Lakini kabla hujapanda gari kwenda Kariakoo fanya kwanza haya, ni bure.

Weka wimbo unaoujua vizuri, sauti ya kawaida tu ambayo watu bado wanaongea sebuleni. Kama hata hapo mwimbaji anasikika kama yuko ndani ya ndoo basi tatizo ni spika, au umezibana kwenye kona nyuma ya kochi, zivute mbele kidogo zikuangalie usikilize tena, kuna watu wameishia hapo na hela yao ikabaki mfukoni. Kama sauti ya chini ni safi ila ukipandisha kidogo inakwaruza, au ampu inachemka na kujizima, hapo geukia ampu.

Upande mmoja ndo mbovu? Zima ampu, nenda nyuma yake, waya za kushoto zichomeke kulia na za kulia kushoto. Ubovu ukihamia kwenye ile spika nyingine, kosa linatoka kwenye ampu au huko unakopigia mziki. Ukibaki kwenye spika ile ile, ni spika au waya wake.

Na ufungue wavu wa mbele wa spika jamani. Mimi nilinunua ampu kubwa kisa wufa (ile spika kubwa ya besi) inakoroma, nimefika nayo nyumbani inakoroma vile vile, kuja kutoa wavu nakuta ile sponji inayozunguka koni imeoza, ukiigusa na kidole inabaki unga mweusi. Fundi akabadilisha sponji kwa hela ndogo, ampu nimebaki nayo tu.

Kuhusu wati usidanganyike. Kutoka wati 50 kwenda 100 unaongeza desibeli (dB, kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, yani sauti inapanda kidogo, sio mara mbili. Ila ukitoka spika ya desibeli 87 ukachukua ya 90 (imeandikwa nyuma au kwenye kitabu chake, dB kwa wati 1 mita 1, yani sauti inayotoka ukiipa wati 1 na kuipima ukiwa mita 1) umepata ongezeko lile lile na ampu yako ya zamani. Halafu yale maandishi ya PMPO (nguvu ya kufumba na kufumbua tu) wati elfu kumi kwenye boksi, geuza mashine yenyewe usome mgongoni inakula umeme wati ngapi, ukikuta 60 basi hiyo haiwezi kutoa hata 60 za kudumu.

Angalia na ohmu (kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme). Ampu iliyoandikwa ohmu 8 ukiifunga spika za ohmu 4 itachemka, ukiendelea kuipandisha utaiua. Na ampu ndogo inayolazimishwa mpaka ikwaruze ndo inaua tweta (ile spika ndogo ya sauti nyembamba), wengi wanadhani ni kubwa tu zinazounguza.

Ukienda dukani nenda na nyimbo zako kwenye simu, mwambie muuzaji akufungie spika kwenye ampu ya nguvu kama ya kwako, sio ile kubwa anayovutia wateja mlangoni, na asiguse kitufe cha besi.