Angusha Kibanio, Kisha Nyamaza

Ukitaka kuona mtoto mdogo akisaidia bila kuombwa, siku unayoanika nguo mtoto wako wa mwaka mmoja na nusu awe karibu. Hapa Uyole, Mbeya, mimi nangoja jua la saa nne, maana asubuhi za Julai baridi inang'ata na kamba bado ina umande. Angusha kibanio kimoja kama kilichokuponyoka. Kinyooshee mkono, usikifikie. Usimwite mtoto.

Sekunde kumi za kwanza kitazame kibanio tu. Kumi zinazofuata, mtupie jicho mtoto, kisha rudi kwenye kibanio. Kama hajasogea, sema, "Kibanio changu!" Basi. Utaratibu huu ni wa Felix Warneken na Michael Tomasello wa Taasisi ya Max Planck, Leipzig, Ujerumani. Mwaka 2006 walitoa matokeo ya watoto 24 wa miezi 18: 22 walisaidia angalau mara moja, na mara nyingi kabla mtu mzima hajafungua mdomo.

Mjukuu wangu aliliacha gunzi lake, akainama, kibanio kikamteleza na kuzama kwenye tope la maji ya kufulia. Akakitoa, akakipangusa tumboni, kwenye sweta, akaninyooshea. Machozi yalinilengalenga.

Siku nyingine kitupe chini kwa kusudi. Watoto wengi watakuangalia tu. Hapo ndipo utaona kwamba mtoto anasoma unachokitaka, hafuati tu kitu kilichoanguka. Katika utafiti huo huo, hata sokwe wadogo watatu waliolelewa na watu waliwaokotea binadamu vitu wasivyovifikia, ila kwenye shida ngumu zaidi, kama mtu mwenye mzigo mikononi anayeshindwa kufungua kabati, hawakusaidia.

Akikupa, pokea, mshukuru. Usimpe biskuti, nakuomba sana! Mjukuu wangu wa kwanza nilimlipa pipi kwa kila kikombe alicholeta, mpaka akawa haachii kikombe kabla hajaiona pipi. Watafiti hao hao waliliona hilo mwaka 2008 kwa watoto wa miezi 20: waliozoeshwa zawadi baadaye walisaidia kidogo kuliko walioshukuriwa kwa maneno au wasioambiwa kitu.

Kisha mpe kazi ya kweli, na uvumilie mwendo wake. Jana huyu mdogo alinitolea viazi kwenye debe kimoja kimoja, safari kumi na moja hadi jikoni. Tulikula saa tatu usiku.