Siku ya kwanza kwenye boti la matanga, anza na kamba

Ukialikwa kusaidia kwenye boti la matanga pale Msasani na hujui hata joshi (upande unakotoka upepo) ni upande gani, usihangaike kukariri majina yote. Jifunze kamba. Kwenye winchi (kile kifaa cha kukazia kamba) izungushe kufuata mshale wa saa, raundi mbili au tatu, vidole vikae mbali na ngoma yake. Usijiviringishie mkononi kamwe. Kusi ikivuma, tanga lina nguvu kukushinda. (Mimi kiganja kilichubuka, wiki nzima nikala ugali kwa kijiko.) Nahodha akisema "tunageuza", inamisha kichwa kwanza, maswali baadaye: ile boriti ya chini ya tanga haipigi hodi. Kofia ifunge kidevuni, na maji ya kunywa beba mengi.