Una leseni ya urubani (CPL) mkononi na kampuni mbili zimekuita: namna ya kuchagua

Nyumba ya mama yangu iko Makole, karibu na uwanja wa ndege wa Dodoma. Ukikaa pale chini ya mwarobaini unaijua ndege kwa sauti kabla hujainua macho. ATR, ile ya abiria yenye injini mbili za pangaboi, ina mvumo wake mzito; Caravan, kandege ka injini moja, inalia kwa ukali kidogo kama mashine ya kusaga iliyo mtaa wa pili. Mama husema siku ndege zote zikihamia uwanja mpya wa Msalato atakosa saa ya ukutani.

Likizo iliyopita binti wa jirani alinifuata pale na bahasha, maana mimi nilimtangulia kwenye urubani. Shikamoo, marahaba, akaifungua: leseni ya CPL, ile ya kurusha ndege kwa malipo, saa 214 za kuruka alizozipata zaidi Afrika Kusini, na barua mbili za kazi. Moja ya kampuni yenye ATR za safari za ratiba. Nyingine ya kampuni ya Caravan zinazopeleka watalii mbugani.

"Anti, moyoni nishachagua ATR. Nimekuja unibariki tu."

Sikumbariki. Nilimwomba mikataba yote miwili na kalamu. Haya ndiyo tuliyoyapitia mpaka giza likaingia, pamoja na mengine niliyoyakumbuka baadaye, mlenda ukiwa umeshapoa sahanini.

Nilianza na hesabu ya saa, kwa sababu ndiyo inayowapofusha wengi. Ili upate ATPL, leseni ya kuwa kapteni wa ndege kubwa za abiria, unahitaji saa 1,500, na ndani yake zipo ambazo lazima uwe umezirusha kama kapteni au kama kapteni chini ya uangalizi. Kwa hiyo usiulize tu "nitapata saa ngapi kwa mwezi?" Uliza ni saa za namna gani. Kwenye ATR utakuwa rubani msaidizi kwa miaka, lakini kila saa ni ya injini mbili za tabopropu (injini ya jeti inayozungusha pangaboi) na ya marubani wawili kisheria, na hakuna atakayekubishia logibuku yako, daftari la saa ulizoruka. Kwenye Caravan unaweza kuhamia kiti cha kushoto, kile cha kapteni, mapema zaidi, mara nyingi pale bima ya kampuni itakapokubali, na saa za ukapteni ni dhahabu.

Lakini kuna shimo hapo. Caravan imethibitishwa kurushwa na rubani mmoja. Ukikaa kulia kwa sababu tu kampuni inapenda watalii waone watu wawili mbele, saa hizo huenda zisihesabike kitu. Lazima kanuni, au mwongozo wa uendeshaji wa kampuni uliokubaliwa na TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, uwe unataka rubani wa pili. Na hata hapo, kwa viwango vya kimataifa, msaidizi kwenye ndege ya rubani mmoja huhesabiwa nusu tu ya saa zake anapoomba leseni ya juu, isipokuwa mamlaka imeridhia zihesabiwe zote. Namjua kijana aliyekaa kiti cha kulia mwaka mzima akijiandikia saa kamili. Siku ya kupeleka maombi alirudi nyumbani na nusu yake. Kwa hiyo waambie wakuonyeshe ukurasa wa mwongozo. Usikubali maneno ya "usijali, zote huwa zinahesabiwa."

Halafu uliza kuhusu Aprili na Mei. Masika yakishika, kambi nyingi za mbugani hufungwa, watalii hupungua na ndege hulala. Kama mshahara wako una sehemu ndogo ya kudumu na sehemu kubwa ya malipo kwa saa, hiyo ndiyo miezi utakayompigia mama simu. Julai hadi Septemba utaruka mpaka uchoke, na hapo swali linageuka: ukomo wa saa za kazi na mapumziko wanauheshimu au wanauzungukia? Mwombe rubani mmoja wa pale akuonyeshe ratiba yake ya Agosti, ile aliyoiruka kweli, maana iliyobandikwa ukutani huwa na adabu kuliko iliyorukwa.

Binti aliposikia hayo akasema, "Basi ATR, anti. Si nilisema?" Nikafungua mkataba wa ATR ukurasa wa nne.

Kampuni nyingi zikikulipia mafunzo ya aina ya ndege, pamoja na simuleta (mashine ya kuigiza urukaji) nje ya nchi, zitakufunga kwa bondi: ukiondoka kabla ya muda, unadaiwa gharama hizo. Si dhambi. Mafunzo hayo ni maelfu mengi ya dola, na kampuni haina sababu ya kumsomesha rubani wa jirani. Tatizo ni maandishi. Mimi bondi yangu ya kwanza niliisaini nimesimama kwenye korido, ndege ya kwenda kwenye simuleta ikiwa kesho yake. Miaka 3. Nilipoondoka mwezi wa 30 nilidhani nadaiwa miezi 6 iliyobaki. Nilidaiwa fedha yote, kana kwamba sijafanya kazi hata siku moja, kwa sababu hakuna sentensi iliyosema deni linapungua. Kampuni siitaji, karatasi niliisaini mwenyewe.

Kwa hiyo tafuta sentensi hiyo: deni linapungua kila mwezi au halipungui? Tafuta ya pili: kampuni ikikupunguza kazi, au ndege zikisimama kwa kukosa vipuri, bondi inakufa au inakufuata? Ya tatu: ukishindwa vipimo vya afya? Ya nne: inaanza kuhesabiwa lini, siku uliyosaini au siku uliyomaliza mafunzo ya njiani na kapteni mwalimu? Kati ya tarehe hizo mbili unaweza kukaa miezi mingi ukisubiri zamu, na miezi hiyo ni ya maisha yako. Mkataba wa binti ulikuwa kimya kwenye la pili na la nne. Na usiache vyeti vyako halisi ofisini kwao, hata wakisema ni utaratibu. Nakala zinatosha.

Bima ya kupoteza leseni nayo uliza, mara moja tu, uandike jibu.

Sasa niliweka kalamu chini, kwa sababu linalofuata halimo kwenye mkataba wowote.

Nilipokuwa na saa mia sita na ushee, tulikuwa Msembe, pale Ruaha, jioni ya Januari. Wingu lilikuwa limesimama njiani kama ukuta wa boma. Viwanja vya mbugani kwa kawaida havina taa, na jua likizama, habari imekwisha. Simu ikaja kutoka ofisini: abiria wana ndege ya usiku ya kwenda Ulaya, jaribuni. Kapteni wangu akajibu kwamba tunalala. Tukalala. Hakuna aliyemfokea, hakupata barua yoyote. Mwezi uliofuata ratiba yake ilikuwa na saa chache kuliko ya msaidizi mpya. Mwezi wa pili vilevile. Ndivyo inavyofanyika, kimyakimya, na sisi vijana tuliokuwa tukiangalia tulijifunza somo ambalo hakuna aliyetamka.

Swali la kuuliza kwenye usaili, basi, si "je, mnajali usalama?" Hakuna atakayejibu hapana. Uliza hivi: "Mara ya mwisho kapteni wenu alipogeuza ndege kwa hali ya hewa, nini kilifuata?" Kisha nyamaza. Kampuni nzuri itakusimulia kisa kizima, kiwanja gani, abiria walilala hoteli gani, nani aliidhinisha malipo. Nyingine itakwambia "hapa marubani wetu ni wazoefu, hawageuzi." Hapo chukua mkoba wako. Novemba 6, 2022 ndege ilianguka ziwani Bukoba ikiwa karibu kabisa na uwanja, hali ya hewa ikiwa mbaya, na watu 19 wakafariki. Tangu hapo sijawahi kumstahi mtu anayeniambia kwamba kugeuza ni woga.

Swali la pili ni la hapa kwetu. Uwanja wa Dodoma uko futi zaidi ya 3,600 juu ya usawa wa bahari. Oktoba saa nane mchana, joto likifika nyuzi 32, hewa inakuwa nyepesi, na ndege inajihisi kama iko zaidi ya futi 6,000. Pangaboi halishiki vizuri, injini inapumua kwa shida, na kisulisuli kinacheza upande wa pili wa njia ya kurukia. Waulize: mzigo ukizidi uzito unaoruhusiwa saa hiyo, mnapunguza nini, na nani anatoa amri? Jibu ninalotaka kusikia lina namba na lina cheo cha mtu: tunapunguza mizigo kwanza, kisha abiria, au tunasogeza safari asubuhi, na kapteni akikataa hakuna wa kumpinga. Jibu la "huwa inaruka tu" nimewahi kulisikia. Aliyenipa alikuwa anatabasamu.

Usiishie ofisini. Nenda uwanjani siku ya kawaida, uombe ruhusa, ukae na mafundi wakati wa chai. Mafundi ndio wanaojua kampuni. Ndege inaruhusiwa kuruka na baadhi ya vitu vikiwa vibovu, lakini viko kwenye orodha maalumu na kila kimoja kina siku zake za kutengenezwa. Kinachonitisha ni hitilafu isiyoandikwa kabisa. Muulize fundi, kwa utani tu: kapteni akirudi na kasoro, anaiandika kwenye kitabu cha ufundi au anakunong'oneza? Kama huwa anapewa vijikaratasi ili kitabu kibaki safi mpaka ndege ifike kituo kikuu, umeshapata jibu ambalo mkurugenzi asingekupa kwa miaka kumi.

Wapakia mizigo nao hawadanganyi. Muulize mmoja kama mizigo huwa inapimwa yote au "kwa macho". Na marubani wasaidizi waulize wafungue taarifa zao za NSSF kwenye simu. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, kwa kawaida nusu yako na nusu ya mwajiri. Kampuni inayokata sehemu yako kila mwezi na haipeleki, au inapeleka kwa kuruka miezi, imeishiwa fedha. Na palipokosekana fedha za pensheni, mimi nahofia vipuri.

Kituo cha kazi, nyumba, posho ya kulala nje: ni muhimu, lakini utazijua ndani ya dakika tano kwa kumuuliza yeyote anayefanya kazi pale. Tepe begani na picha mbele ya pua ya ndege kubwa sikutaka hata kuzijadili, ingawa binti alijaribu mara mbili.

Ulipofika usiku nilimuuliza tena angechagua ipi. Akakaa kimya, akikunja na kukunjua ile bahasha. "Sijui, anti. Asubuhi nilikuwa najua."

Kesho yake alipanda basi la Dar akiwa na maswali kumi na moja nyuma ya risiti ya hospitali ya mama yake, ndiyo karatasi pekee tuliyoipata. Wale wa ATR walikubali kuandika kwamba bondi inapungua kila mwezi, lakini kuhusu kupunguzwa kazi walisema watamrudia, na hawakurudi. Wale wa Caravan meneja wao wa shughuli za ndege alimwonyesha ukurasa wa mwongozo unaotaka marubani wawili, kisha akamsimulia, bila kuulizwa mara ya pili, jinsi ndege yao ilivyolala Katavi siku mbili kwa mvua, na bili ya kambi waliyoilipa.

Sasa hivi yuko Caravan. Wiki iliyopita alinitumia picha: ndege iko chini kwenye changarawe, wingu jeusi nyuma, yeye na kapteni wake wamekaa kwenye kivuli cha bawa wanakula ndizi za kuchoma. Chini yake ameandika, "Tumegoma. Hakuna aliyepiga simu."