Jinsi ya kukesha na fainali ya besiboli ukiwa Mbeya

Fainali ya besiboli ya Marekani, World Series, huchezwa mwishoni mwa Oktoba. Mechi ikianza saa mbili usiku New York, Mbeya ni saa tisa usiku, na mambo mengine yote yanatokana na hapo. Ratiba ikisema Jumatano, kwako wewe ni alfajiri ya Alhamisi. Iandike Alhamisi kwenye kalenda ya ukutani, la sivyo watu watakugongea mlango usiku ambao siyo.

Tena si mechi moja. Bingwa ni atakayeshinda mechi nne, kwa hiyo zinaweza kuishia nne au kufika saba. Huwezi kukesha zote halafu saa mbili asubuhi ukasimame mbele ya Kidato cha Pili kufundisha milinganyo. Za mwanzo angalieni marudio jioni. Watu waiteni timu yenu ikibakiza ushindi mmoja, na hata hapo waambieni mapema kwamba wanaweza kurudi tena kesho. Mwaka 2024 timu yetu, Dodgers wa Los Angeles, walikuwa mbele ya Yankees wa New York kwa mechi 3–0, tukajaa sebuleni kwangu Uyole kwa mechi ya nne, tukachapwa 11–4. Ubingwa ulikuja alfajiri iliyofuata, tukiwa na macho mekundu.

Kwa nini Dodgers? Shuleni kwetu aliwahi kuja mwalimu wa kujitolea kutoka Japani, akafundisha fizikia mchana na besiboli jioni. Aliondoka akatuachia glovu na ugonjwa huu. Mjapani Ohtani alipohamia Dodgers msimu wa 2024, na mwenzake Yamamoto naye akasajiliwa, sisi tungeenda wapi tena?

Wageni wasizidi wanaotosha kwenye makochi na mkeka mmoja. Walau wawili wawe wanaujua mchezo, waliobaki wawe watu wa kuuliza maswali. Na lazima awepo mpinzani mmoja. Huyo Mbeya hatafutwi kwa tochi: nenda soko la Sido pale Mwanjelwa, kwenye kofia za mitumba, uone vijana wangapi wamevaa NY wakidhani ni urembo tu. Ile ni nembo ya Yankees. Jirani yangu dereva wa bajaji alikuwa na moja. Nikamwambia, "Baba, kwa kofia hiyo wewe ni wa New York, karibu uje utetee timu yako." Alikuja, akaipigania usiku kucha kama ameirithi. Bila yeye tungekuwa tumekaa kikao cha idara.

Umeme na intaneti vishughulikie mchana. Luku isiwe inasoma uniti mbili. Bando la usiku angalia linaisha saa ngapi, maana yapo yanayokata alfajiri, wakati mechi ndiyo imefika patamu. Kwa picha ya kawaida nahesabu kama GB moja kwa saa, natenga tano. Usajili wa kuonea mechi tunachangia, simu inaunganishwa kwenye runinga kwa waya, na pawabenki moja iliyojaa inakaa pembeni kwa ajili ya simu hiyo peke yake. Umeme ukikatika, wote mnahamia kwenye kioo cha simu na maisha yanaendelea.

Oktoba si Julai, lakini saa kumi za usiku Uyole bado inataka sweta na khanga ya kufunika miguu. Chai ya tangawizi iingie kwenye chupa kabla hujalala, maana utalala kwanza, saa tatu mpaka saa nane na nusu. Chakula kisitoke mwanzoni. Watu wakishiba saa tisa wanakoroma saa kumi. Viazi vya kuchemsha na kachumbari yenye pilipili natoa raundi ya tatu ikiisha. Ndizi za Tukuyu za kuchoma nabakiza mpaka raundi ya saba, wakati hata shabiki wa kweli anaanza kuinamisha kichwa.

Sasa wageni. Usiwasomee sheria zote, utawapoteza. Waambie hivi: kila timu ina raundi tisa za kupiga, na raundi yake inaisha wapigaji wake watatu wakishatolewa. Anayepiga anataka kuzunguka besi tatu na kurudi nyumbani, hapo ndipo pointi inapopatikana. Akiupiga ukavuka uzio ni homurani, anazunguka kwa mwendo wa harusi, na wenzake waliokuwa kwenye besi wanarudi naye. Mengine watajifunza yakitokea. Yatatokea, na mengine hayaelezeki kirahisi. Mwaka 2024, mechi ya tano, raundi ya nane, Dodgers walipata pointi mbili kwa mipira iliyodakwa. Mpira ukidakwa mpigaji ametoka, lakini mwenzake aliyetulia kwenye besi ya tatu anaruhusiwa kukimbilia nyumbani baada ya kudakwa. Yule wa bajaji alisimama kupinga. "Mwalimu, si kaudaka?" Kaudaka, ndiyo. Na pointi ipo.

Kinachosaidia kuliko maelezo yote ni daftari. Chukua la hisabati, lenye miraba, majina ya wapigaji tisa yashuke kushoto, raundi ziende juu kwa kulia. Aliyetolewa kwa straiki tatu, yaani mipira ya halali aliyoikosa au kuiacha ipite, mwandikie K, ndivyo wanavyoandika hata huko kwao. Aliyefika besi mchoree mstari, akirudi nyumbani funga umbo na ulijaze rangi. Kalamu mpe mgeni anayesinzia. Hasinzii tena.

Daftari la 2024 ninalo mpaka leo, na ukurasa wa raundi ya tano umetoboka kwa kalamu. Yankees walikuwa wanaongoza 5–0. Mrushaji wao Gerrit Cole alikuwa hajaruhusu hata mpigaji mmoja kupata pigo safi, na bajaji alishaanza kutuuliza tunapika nini kwenye msiba. Kiké Hernández wetu akafika besi ya kwanza. Mpira uliofuata ukaenda taratibu kabisa kwa Aaron Judge wa Yankees, ukamponyoka kwenye glovu. Mwingine ukaokotwa na mwenzake Volpe, akarusha vibaya kuelekea besi ya tatu. Besi zote zimejaa, hajatoka hata mmoja. Cole akakaza, akawatoa wawili kwa straiki, mmoja wao Ohtani wetu. Sebuleni kimya. Kisha Mookie Betts akagonga kimpira dhaifu cha chini kuelekea besi ya kwanza. Mlinzi wa besi akaupata, na kazi ya Cole ilikuwa kukimbia kwenda kukanyaga besi apokee. Hakukimbia. Alinyoosha kidole tu. Betts akapita, pointi ya kwanza ikaingia, mlango ukafunguka. Freeman akaleta mbili, Teoscar Hernández akaleta mbili, 5–5.

Hapo ndipo utaona faida ya kuwa na wenzako. Mtu mmoja peke yake angepiga kelele mara moja akaishia hapo. Sisi tulibishana kidole kile mpaka raundi ya sita. Besiboli ina nafasi kubwa kati ya mpira na mpira, na watu wa kwetu nafasi ya maneno hatuiachi bure. Anayesema mchezo huu unachosha ameutazama akiwa peke yake.

Kelele zina saa zake. Kabla ya saa kumi na moja mnashangilia kwa kupigana mabega na kuuma mito, maana majirani wamelala na mtoto wa nyumba ya pili akiamka utasikia habari zako kwenye kikoba. Saa kumi na mbili malori ya Tunduma yanapita yakinguruma, wauza maziwa wapo barabarani, pigeni vigelegele mtakavyo. Mwaka ule ilikuwa karibu saa moja asubuhi Walker Buehler wetu alipomtoa Verdugo wa Yankees kwa straiki ya mwisho, 7–6. Mama wa nyumba ya jirani alichungulia dirishani kuuliza Yanga wamecheza na nani asubuhi yote hii.

Weka pia sheria ya simu: zote kifudifudi mezani. Picha ya mtandaoni huchelewa, na simu yenye taarifa za matokeo itapiga mlio wa homurani wakati kwenye runinga mpira bado uko mkononi. Sheria hii ilituokoa zaidi 2025. Mechi ya tatu tuliiona moja kwa moja, raundi kumi na nane maana tisa ziliisha sare, saa sita na dakika 39. Wenye vipindi waliondoka, homurani ya Freeman ya kuimaliza ikapigwa asubuhi tukiwa darasani. Mechi za mwisho zikakuta intaneti imezimwa nchi nzima. Iliporudi Novemba, Dodgers walishamfunga Toronto mechi ya saba, 5–4 katika raundi kumi na moja, ila sisi tulikuwa hatujui. Tulikubaliana hakuna kufungua ukurasa wowote mpaka jioni. Tukakaa na daftari kama mechi inachezwa sasa hivi, na Will Smith wa Dodgers alipopiga ile homurani ya raundi ya kumi na moja, nyumba iliruka vilevile.

Mkishashinda, msizime. Bakizeni bando la nusu saa kwa ajili ya kombe na kutangazwa mchezaji bora. Mwaka 2024 alikuwa Freeman, aliyepiga homurani katika kila mechi ya nne za kwanza, na kwenye mechi ya kwanza aliimaliza kwa homurani besi zikiwa zimejaa, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea kwenye World Series. Anayeaga mapema asibebe chupa ya chai. Wa Yankees ndiye anayeosha vikombe, halafu anawapeleka walimu shuleni kwa bajaji yake, nauli ya kawaida.