Kupima Viuatilifu katika Maji ya Kijito kwa Kadi ya Kimeng'enya

Bayosensa ni kifaa kinachotambua kemikali kwa kutumia kiumbe hai au sehemu yake. Iliyo nyepesi kutumia kwa anayechota maji chini ya mashamba ya viazi ya Uyole au Umalila, mkoani Mbeya, ni kadi yenye maduara mawili: jeupe, lililobeba kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali) kiitwacho kolinesterasi, na jekundu, lililobeba kemikali ambayo kimeng'enya hicho huigeuza kuwa ya buluu. Viuatilifu vya jamii ya oganofosfeti na kabameti hukizuia kimeng'enya hicho, kama vinavyofanya mwilini mwa mdudu, na buluu haitokei.

Chota maji kwa chupa ya kioo iliyosuuzwa mara tatu kwa maji ya kijito chenyewe, hasa mvua inaponyesha baada ya mashamba kupuliziwa, na maji yenye tope uyaache yatuame. Dondosha matone machache kwenye duara jeupe, subiri kama dakika 10, kisha ikunje kadi ili maduara yagusane na uibane kwa vidole dakika 3, isipokuwa maelezo ya pakiti yakitaja muda mwingine.

Kinachoharibu vipimo vingi huku kwetu ni baridi. Kimeng'enya hufanya kazi vizuri karibu na nyuzi joto 37. Asubuhi ya Julai, kadi iliyoachwa mezani inaweza kubaki nyeupe hata kwa maji safi, na mwenye shamba la juu akatuhumiwa bure. Itie katika kifuko cha plastiki uipashe kwapani. Si jambo la kuonea haya. Sambamba nayo, pima kadi ya pili kwa maji ya kunywa ya chupa, wala si ya bomba, maana klorini nayo huharibu kimeng'enya. Kadi hiyo isipogeuka buluu, matokeo ya siku hiyo yasihesabiwe.

Buluu nayo ina mipaka yake. Mankozebu, inayopuliziwa viazi dhidi ya ugonjwa wa bakajani chelewa, haionekani kwa kadi hii, wala kadi haikutengenezwa kwa ajili ya zebaki ambayo wachimbaji wadogo wa Chunya hunasia dhahabu.

Kadi ikibaki nyeupe mara mbili huku ile ya pili, ya maji ya chupa, ikiwa buluu, jaza chupa ya kioo cha kahawia hadi mdomoni, andika mahali, tarehe na saa, uihifadhi kwenye barafu na kuiwahisha maabara.